Filamu za makarate zenye mapenzi ya kweli: Crouching Tiger, Flying Daggers au Ip Man 3?

Binti Makorora

Habari za humu wadau. Mama mkwe anakuja kututembelea Tanga mwezi huu. Yeye na mwanawe ni wapenzi wa picha za makarate tangu enzi za mikanda ya VHS, mimi ni mtu wa hadithi za mapenzi. Natafuta filamu itakayotukusanya sote sebuleni.

Ninachokikataa ni mapenzi ya kubandika. Stelingi anapigana tangu mwanzo, msichana anatekwa, anafungwa kamba ghalani, anafunguliwa, wanakumbatiana, picha imekwisha. Ukimwondoa yule msichana ukaweka gunia la mchele lililoibwa, hadithi inabaki ileile.

Nimeuliza huku na huku nikabaki na tatu: Crouching Tiger, Hidden Dragon ya 2000, House of Flying Daggers ya 2004 na Ip Man 3 ya 2015. Nilinganishieni kwa mambo mawili. Kwanza, mapenzi yawe ndani ya mapigano yenyewe. Pili, niweze kukaa na mama mkwe mwanzo hadi mwisho bila aibu. Kama kuna anayekufa semeni tu, kujua mapema hakuniharibii.

Fundi Saa

Dada umeruhusu kufichua, kwa hiyo nitasema yote. Msiotaka kujua mwisho rukeni ujumbe huu.

Mimi kabla ya kuangalia nani kaigiza huangalia nani kapanga mapigano. Katika tatu zako, Crouching Tiger na Ip Man 3 zimepangwa na mtu mmoja, Yuen Woo-ping, yule aliyeongoza Drunken Master ya Jackie Chan mwaka 1978 na kupanga mapigano ya The Matrix ya 1999. House of Flying Daggers ni kazi ya Ching Siu-tung. Hawa wawili wana njia tofauti kabisa za kukuonyesha kwamba mtu anampenda mwenzake.

Yuen anampenda mpiganaji anayejizuia. Li Mu Bai, ambaye ni Chow Yun-fat, na Shu Lien, ambaye ni Michelle Yeoh, wanapendana miaka mingi na hawajatamkiana. Shu Lien alikuwa mchumba wa ndugu wa kiapo wa Li Mu Bai, na ndugu yule aliuawa. Wakioana wanaona watakuwa wamemvunjia heshima marehemu. Ni mabingwa wanaokimbia juu ya mapaa, lakini kushikana mkono kunawashinda. Kuna mahali wamekaa wanakunywa chai, Li Mu Bai anauchukua mkono wa Shu Lien anauweka shavuni mwake. Basi. Hakuna busu, na hakuna anayekohoa sebuleni.

Upande wa pili yupo Jen, binti wa gavana, aliyeigizwa na Zhang Ziyi, pamoja na Lo, jambazi wa jangwani. Mapenzi yao yanaanza kwa kupigana hasa. Lo anapora kitana cha Jen kwenye msafara, Jen anapanda farasi peke yake na kumfuata jangwani kukidai. Wanapigana, wanachoka, wanapigana tena, na katika kuchoka huko ndipo wanapopendana. Mwongozaji, Ang Lee, ameweka jozi hizi mbili zitazamane. Wakubwa wanajizuia mpaka wanapoteza maisha yao, wadogo hawajizuii na wao wanapotezana vilevile. Ndiyo maana pambano la Shu Lien na Jen uani, lile ambalo Shu Lien anabadilisha silaha moja baada ya nyingine, linauma. Upanga wa Li Mu Bai ambao Jen aliuiba ni kisingizio. Shu Lien amekasirishwa na binti anayechezea nafasi ambayo yeye hakuipata.

Mwisho Li Mu Bai anachomwa sindano ya sumu. Shu Lien anamsihi aitumie pumzi iliyobaki kuituliza roho yake, yeye anaitumia kumwambia kwamba amempenda maisha yote. Anakufa. Jen anajirusha kutoka mlima Wudang mbele ya Lo.

Filamu ilichukua Oscar nne, na moja ni ya muziki wa Tan Dun, ambao wenyewe unatosha kukufanya ukae. Ila ile sehemu ya jangwani vijana wale wanalala pamoja. Haionyeshi mengi, lakini kwa mama mkwe ujue ipo.

Kwa sharti lako la kwanza, hii haina mpinzani.

Kinyozi wa Likoni

Nyote mwamsahau Jet Li. Romeo Must Die, 2000, yeye ndiye Han na Aaliyah ndiye Trish. Familia ya Kichina na familia ya Wamarekani weusi zagombania ardhi ya kando ya maji huko Oakland, na watoto wao wawili waingia katikati.

Dada ataka mapenzi ndani ya mapigano? Yupo mwanamke aja kuwaua. Han hataki kumpiga mwanamke. Basi amshika Trish, na kuanzia hapo wapigana kama mtu mmoja: mkono wa Trish ndio ngumi, mguu wa Trish ndio teke, Han yuko nyuma amwelekeza. Trish hakujua kupigana kabla ya hapo. Nitajieni filamu nyingine ambayo mchumba hakufunguliwa kamba, akashikwa kiuno akapigana yeye.

Na kwa mama mkwe haina neno, busu halimo. Busu la mwisho lilipigwa picha, kisha watengenezaji wakaliondoa baada ya kuwaonyesha watazamaji wa majaribio, wakaacha wakumbatiane tu. Kwa haki yake mimi naona waliwanyima wale wawili kitu walichokistahili. Lakini kwa haja yako wewe yafaa.

Aaliyah alifariki kwa ajali ya ndege Agosti 2001, akiwa na miaka 22. Nikiusikia wimbo wake Try Again nakumbuka ile filamu yote.

Fundi Saa

Kinyozi umenena, na aliyepanga mapigano yale ni Corey Yuen. Huyo huyo ndiye aliyeongoza The Bodyguard from Beijing ya 1994, Jet Li akimlinda shahidi wa mauaji ambaye ni mpenzi wa tajiri. Mtu wa tatu, njia ya tatu. Kwa Corey Yuen mapenzi ni mwili mmoja kukaa mbele ya mwingine risasi isipite.

Udhaifu wa Romeo Must Die ni kwamba ukishatoa pambano lile, mengine ni ugomvi wa wazazi na biashara ya ardhi. Han anaweza kupigana yote yaliyobaki bila Trish kuwepo. Kwa kipimo cha dada, pambano moja halitoshi.

Mama Sabra

Binti Makorora mwanangu, House of Flying Daggers usiiweke mbele ya mkweo. Mie nilikaa nayo na wanangu wakubwa nikaizima.

Yaanzia danguroni. Jin, askari, ajifanya mlevi, amkamata Mei, yule mchezaji dansi kipofu, amrarua nguo. Watuambia ni hila ya kipolisi. Sawa, hila, lakini mtazamaji keshaona. Mbele huko Leo, askari mwenzake Jin, naye amlazimisha Mei, na huyo ndiye tunayeambiwa amempenda miaka mitatu. Mwanamme asukuma mwanamke chini na muziki mzuri wapigwa juu yake. Mie hilo silipokei, hata picha iwe na rangi gani.

Nisiseme uongo, ule mchezo wa ngoma ni wa ajabu. Ngoma zimepangwa duara, Leo arusha kunde, zagonga ngoma, na Mei kwa mikono mirefu ya nguo yake azifuata kunde kwa kusikia tu, ngoma kwa ngoma. Hapo Zhang Ziyi kacheza khasa. Nimerudia kipande hicho peke yake mara nyingi.

Lakini mapenzi yenyewe? Leo kangoja miaka mitatu, Jin kaja kwa siku tatu kamchukua. Filamu yataka tumlilie Jin. Mie nilimlilia Leo kabla ya alilolifanya, na baada ya alilolifanya sikumlilia mtu.

Mla Korosho

Shikamoo Mama Sabra. Kuhusu zile sehemu mbili sina la kubishana, na mwenye wakwe asikilize. Lakini filamu ile haisimulii mapenzi matamu, inasimulia watu watatu waliofundishwa kudanganya. Mei si kipofu. Jin si mkombozi wake, ni askari anayemfuata awafichue wenzake, waasi wa Flying Daggers. Leo si askari, ni mtu wa kundi la Mei aliyepandikizwa serikalini. Kila mtu anapigana kwa jina la uongo, na kitu pekee ambacho si uongo ndicho kinachowaua.

Pambano la mwisho ndilo linalonifanya niitetee. Jin na Leo wanakatana mapanga, theluji inaanza kuanguka, ardhi nzima inakuwa nyeupe na wao bado wako palepale. Theluji ile ni ya kweli, ilianguka wakipiga picha Ukraine. Mei amelala na kisu kifuani, akikichomoa damu itamtoka afe. Anasimama anamwambia Leo: ukimuua Jin, nakichomoa nakurushia. Anakichomoa kweli. Hapo ngumi na mapenzi vimekuwa kitu kimoja, Fundi Saa, na hakuna kujizuia.

Na nafasi iliyokuwa ya mwigizaji Anita Mui haikujazwa na mtu. Alifariki Desemba 2003, filamu ikatolewa kwa heshima yake.

Nje ya hapo, kama nyumba yenu inapenda za Kihindi, Baaghi ya 2016: Tiger Shroff na Shraddha Kapoor, sehemu kubwa iko Kerala kwenye chuo cha kalaripayattu, sanaa ya kupigana ya huko tangu kale. Mvua, nyimbo, mapigano mengi. Mwishoni anapanda jengo Bangkok ghorofa kwa ghorofa kama The Raid ya Indonesia. Ila dada, msichana anatekwa. Kwa kipimo chako haipiti.

Binti Makorora

Asanteni sana. Mama Sabra shikamoo, umeniokoa, Flying Daggers nimeiondoa kwenye orodha ya sebuleni. Mla Korosho, umenifanya niitake kwa wakati wangu mwenyewe.

Mbona hamjagusa Ip Man 3? Na swali dogo: mama mkwe hasomi maandishi ya chini kwa haraka. Hizi zilizotiwa sauti ya Kiswahili na madijei zinafaa, au zinaharibu?

Mwalimu wa Zamu

Nilikuwa nangoja mtu aiguse.

Watu wanaikumbuka Ip Man 3 kwa sababu ya Mike Tyson na zile dakika tatu anazopigana na Ip Man. Pambano ni zuri, lakini ukilitoa filamu haipungui kitu. Ukimtoa Cheung Wing-sing, mke wa Ip Man, yule mwalimu wa kung fu aliyeishi kweli, hubaki na filamu. Lynn Hung amemwigiza tangu ile ya kwanza ya 2008. Katika ya kwanza, mke analalamika kwamba mumewe kila siku ni mazoezi na wageni, mtoto hana muda na baba yake. Wengi tulipita tukidhani ni mapambo ya hadithi. Katika ya tatu mke anaugua saratani, na yale malalamiko yote yanarudi kama deni ambalo mume hana muda wa kulilipa.

Sasa angalia jinsi Yuen Woo-ping anavyoliweka deni hilo kwenye mapigano. Mume na mke wako kwenye lifti. Anaingia mpiganaji wa Kithai aliyetumwa. Nafasi haitoshi hata kunyoosha mkono, na mke yuko nyuma ya bega. Wing Chun ni sanaa ya kupigana karibu, viwiko ndani, ngumi fupi, na katika mapambano mengi ya mfululizo huu unaipenda kwa uzuri wake tu. Hapa inakuwa na sababu: kila pigo Ip Man analipokea au analigeuza kwa sababu nyuma yake kuna mtu. Akipata upenyo anamtoa adui nje, ugomvi unashuka kwenye ngazi, mke anabaki salama.

Halafu kuna pambano ambalo halikutokea. Cheung Tin-chi, mwalimu mwingine wa Wing Chun, amemwita hadharani wapime nani mrithi wa kweli. Watu wamejaa, waandishi wamejaa, Ip Man haonekani. Yuko na mkewe wanacheza dansi. Mwenzake anatangazwa mshindi, na yeye anaiacha sifa iende. Sijaona filamu nyingine ya makarate ambapo stelingi anashindwa pambano kwa hiari ili akacheze dansi na mke mgonjwa, na kitendo hicho kikawa ndicho kikubwa kuliko ngumi zote.

Mke naye anajua mume kaacha nini. Anamwomba apige mti wake wa mazoezi, asikie tena ule mlio aliokuwa akiulalamikia zamani. Mume anapiga, mke anasikiliza. Usipolia hapo, mumeo atalia.

Mwishowe pambano na Tin-chi linafanyika milango imefungwa, bila umati, mke yupo. Mke anafariki mwaka 1960 kama ilivyokuwa. Hakuna tukio la kitandani, hakuna nguo inayochanwa. Mama mkwe anaweza kukaa mbele kabisa.

Kuhusu madijei: kwa Romeo Must Die au Jackie Chan, sauti ya dijei inanogesha. Kwa Crouching Tiger inaua. Mtu anaposhika mkono wa mwenzake na kukaa kimya, dijei hawezi kukaa kimya, atasema kitu. Ip Man 3 iko katikati, maneno yake si mengi. Mimi ningekaa pembeni ya mama mkwe nimsimulie mwenyewe pale panapohitaji.

Fundi Saa

Mwalimu, nakubali lifti, na nakubali mti. Lakini kuna jambo: filamu ile imemweka mke Hong Kong kwa sababu hadithi ilimtaka pale. Maisha yenyewe hayakuwa hivyo.

Mwalimu wa Zamu

Kweli kabisa, na ndiyo sababu napenda ziangaliwe mbili pamoja, Ip Man 3 na The Grandmaster ya Wong Kar-wai ya 2013. Ip Man wa kweli alikwenda Hong Kong, mpaka wa Hong Kong na China ukafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, mke akabaki Foshan, upande wa China. Hawakuonana tena. Alifariki 1960 mume akiwa upande wa pili. Ip Man 3 inampa mtu yule miezi ambayo historia ilimnyima: kumpeleka mke kwa daktari, kucheza naye dansi, kuwepo. Ukilijua hilo, ile dansi inakuwa nzito zaidi. The Grandmaster inauacha mpaka umefungwa.

Na ndani ya The Grandmaster kuna mapenzi mengine. Gong Er, ambaye ni Zhang Ziyi tena, ni mtu wa kubuni, binti wa bingwa wa kaskazini. Baba yake ameshindwa na Ip Man, naye anakuja kuirudisha heshima ya nyumba. Wanapigana ndani ya jumba la starehe la Foshan kwa sharti moja: chochote kikivunjika, Ip Man ameshindwa. Kwa hiyo wanapigana kwa uangalifu mkubwa, nyuso zinapishana karibu kabisa, na pale Gong Er anapokaribia kuanguka ngazini Ip Man anamwokoa, anatua, ubao unavunjika. Gong Er ameshinda. Hapo hapo wote wawili wamepata shida ya maisha.

Ip Man anapanga kwenda kaskazini kumwona tena, ananunua koti la baridi. Vita vinakuja. Koti linauzwa, anabaki na kifungo chake kimoja. Gong Er kwao baba anauawa na mwanafunzi wake mwenyewe, na ili alipe kisasi anaweka nadhiri ya kutoolewa na kutofundisha. Wanakutana Hong Kong baada ya miaka, mmoja ana kifungo, mwingine ana nadhiri. Na aliyepanga mapigano ni Yuen Woo-ping, mara ya tatu katika mazungumzo haya.

Ila kwa sebule ya watu wengi, hapana. Inakwenda polepole, inaruka miaka mbele na nyuma, wenye kupenda picha za makarate watauliza ngumi ziko wapi.

Mzee wa Forodhani

Salaam alaykum. Mama mkwe huyo kama ni rika letu, basi anamjua Bruce Lee kabla ya hawa wote. Zamani sinema zetu zilikuwa na kambi mbili: wanaokwenda kulia na za Kihindi, na wanaokwenda kupiga kelele na za Hong Kong. Fist of Fury ya 1972 iliwaweka pamoja. Chen Zhen, ambaye ni Bruce Lee, anarudi Shanghai akute mwalimu wake amekufa. Mchumba wake ni Nora Miao. Wanaketi wawili makaburini usiku, yeye ameshaanza kuua na anajua hatarudi nyuma, wanazungumza maisha ambayo wangeishi, na wanabusiana. Katika filamu zake kubwa za kung fu, hilo ndilo busu lake pekee. Mwisho anairukia mitutu ya bunduki.

Lakini nikupeni ninayoiona bora kwa swali la binti. Hadithi hiyohiyo ilitengenezwa upya mwaka 1994, Fist of Legend, Gordon Chan ameongoza, Jet Li ndiye Chen Zhen. Safari hii mchumba ni Mitsuko, msichana wa Kijapani aliyesoma naye Japani, wakati Wajapani wamekalia Shanghai. Chen Zhen anashtakiwa kwa mauaji. Mitsuko anasimama mahakamani anasema usiku ule alikuwa naye. Si kweli. Amelivunja jina lake mwenyewe mbele ya Wachina na Wajapani ili mtu huyu atoke. Wenzake Chen Zhen chuoni wanamkataa msichana, basi Chen Zhen anaondoka naye, anakwenda kuishi kibandani.

Binti amesema hataki msichana wa kufungwa kamba. Hapa msichana ndiye anayemfungua mwanamume, na hakurusha ngumi hata moja.

Fundi Saa

Shikamoo mzee wangu. Na aliyepanga mapigano ya Fist of Legend ni Yuen Woo-ping.

Pambano la Chen Zhen na mjomba wa Mitsuko, Funakoshi, linastahili kutajwa. Wanafungana vitambaa machoni upepo ukivuma, wanapigana kwa kusikia. Hakuna chuki ndani yake. Mzee yule anampima kijana kama mtu anayempima mkwe, na mimi kila nikilitazama nalisoma hivyo. Kwa nyumba yenye mama mkwe mpenda makarate, hilo ni pambano la kutazama naye.

Kinyozi wa Likoni

Hapo mzee amenipiku. Jet Li ni yuleyule lakini hiyo yaizidi Romeo Must Die kwa mbali. Mitsuko analipa gharama, Trish hakulipa kiasi hicho.

Mama Sabra

Mie niongeze moja kwa wapenda Kihindi: The Myth ya 2005, Jackie Chan ni jemadari wa enzi ya Qin, amependana na binti mfalme wa Korea ambaye keshaahidiwa kwa mfalme wa China. Mapigano ya kule kiwandani India, juu ya mkanda wenye gundi ya panya, watoto watacheka. Na mwisho yule binti amengoja miaka elfu mbili, aja mtu mwenye sura ya mpenziwe, kumbe siye. Hilo lilinitoa machozi. Hadithi imekwenda huku na huku, sikatai, lakini hamna aibu ndani yake.

Binti Makorora

Nimeamua. Jumamosi mama mkwe akiwepo tunaanza na Fist of Legend, kwa sababu mapigano ni mengi na Mitsuko nimeshampenda kabla sijamwona. Jumapili Ip Man 3. Crouching Tiger nitaiangalia na mume wangu peke yetu, taa zimezimwa, bila dijei. Fundi Saa, Hero ya Zhang Yimou je? Nimeiona inatajwa sana.

Fundi Saa

Hero ya 2002 ni Ching Siu-tung tena. Wapenzi ni Broken Sword na Flying Snow, Tony Leung na Maggie Cheung, na hadithi yao inasimuliwa mara kadhaa mbele ya mfalme wa Qin, kila simulizi ina rangi yake. Katika nyekundu Snow anamuua Broken Sword kwa wivu. Katika ya samawati mmoja anajitoa kwa ajili ya mwingine, na kuna pambano juu ya ziwa la Jiuzhaigou ambalo ni la maombolezo tu, hakuna anayetaka kushinda. Katika nyeupe ndiyo kweli: wanagombana juu ya kama mfalme auawe au aachwe. Snow anamshambulia, Broken Sword anauachia upanga wake makusudi, na upanga wa Snow unaingia. Broken Sword alitaka Snow amwamini tu.

Kwangu mimi hiyo ni ya pili baada ya Crouching Tiger. Sehemu nyekundu ina tukio la Broken Sword na msichana wake wa kazi, hivyo nayo iweke ya ninyi wawili.

Kinyozi wa Likoni

Mwalimu, hiyo The Grandmaster niliipata kwa rafiki. Kila mara yatokea maandishi kwenye skrini kueleza nani ni nani na mwaka gani, na hadithi yaenda moja kwa moja. Wewe wasema yaruka mbele na nyuma. Ni filamu ileile?

Mwalimu wa Zamu

Ni ileile lakini uliyo nayo ni ile iliyokatwa kwa ajili ya Marekani, kama dakika 108. Wameipanga upya, wameongeza maelezo, na wamepunguza sehemu za Gong Er, ambazo ndizo tunazozizungumzia hapa. Ile ya China ni kama dakika 130. Angalia urefu wa faili kabla hujaichukua, na uhakikishe ina maandishi ya Kiingereza maana maongezi ni ya Kichina tupu.